Nimefuta baka la mtoto na chale za bibi yake

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 27, mpiga picha, nina studio ndogo hapa Mtwara Mjini, upande wa Chikongola. Napiga paspoti, harusi na, kwa miaka miwili hii, watoto wachanga. Kina mama wakishatoka arobaini wanakuja na mtoto kanyolewa, kapakwa wanja, kavishwa nguo mpya, wanataka picha ya kutundika ukutani. Msimu wa korosho ukifunguka na watu wakalipwa baada ya mnada, kuna siku nakunywa chai ya asubuhi saa kumi jioni.

Kuhariri picha nilijifundisha mwenyewe kwa kutazama video. Nina laptopu yenye Photoshop, na kwenye simu nina programu ya kulainisha sura, ile unayobonyeza mara moja uso mzima unakuwa laini kama ganda la yai. Foleni ikiwa ndefu natumia hiyo ya simu.

Mwezi wa kumi na moja walikuja watu wa Newala. Dada mmoja, mwanawe wa kiume aliyevuka arobaini juzijuzi, na bibi yake huyo dada, mama mzee wa Kimakonde mwenye chale usoni, zile za zamani, mistari imepanda mashavuni mpaka kwenye paji. Bibi ndiye aliyempakata mtoto. Nilipiga picha kama thelathini, wakachagua moja, wakalipia ya fremu kubwa, shilingi 35,000.

Wakati wa kuondoka dada akanivuta pembeni: "Kaka, mtoe mtoto mweupe kidogo, hapo katoka mweusi sana." Nikamwambia ondoa shaka. Usiku nikaipitisha picha kwenye ile programu ya simu, nikaongeza weupe. Mtoto alikuwa na baka jeusi juu ya jicho la kulia, kama punje ya kunde. Nikalifuta, nikijua nawafanyia hisani. Uso wa bibi, Shangazi, nakuapia sikuutazama kabisa. Programu ililainisha nyuso zote mbili kwa mpigo.

Kesho yake walichukua fremu imefungwa gazeti, wakapanda basi. Baada ya wiki dada akarudi nayo. Anasema bibi alipofunguliwa ile picha aliitazama muda mrefu, halafu akauliza, "Huyu mzee ni nani? Na mtoto aliyempakata ni wa nani?" Chale zake hazipo. Baka halipo. Na hilo baka, kumbe, marehemu mume wa bibi alikuwa nalo palepale, juu ya jicho la kulia. Mtoto kapewa jina la huyo babu kwa sababu hiyo. Bibi amesema mzee karudi na alama yake, na mimi nimemfutia. Picha amekataa isitundikwe nyumbani kwake.

Dada ananiomba ile ya asili na mimi sina. Niliihifadhi iliyohaririwa juu ya ileile. Kadi ya kamera nilikuwa nimeshaifuta ili niendelee na kazi. Ipo tu kwenye droo, maana siku hiyohiyo nilinunua nyingine kubwa zaidi.

Kuna jambo jingine naona aibu kulisema. Picha ileile niliichapa kubwa nikaiweka kwenye bango la mlangoni, na niliirusha mitandaoni. Watu wengi wameisifu. Wateja wapya wanaingia wananiambia, "Nataka wangu atoke kama huyu."

Sasa nimekwama. Nifanye nini na familia ile? Mpaka wa kuhariri picha ya mtoto uko wapi, nini nifute na nini niache? Na kina mama wanaotaka watoto watolewe weupe ni wengi, nikiwakatalia watavuka barabara, studio ya pili ipo hapo na hao hawaulizi. Nisaidie, Shangazi.

Mpiga picha, Mtwara

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Kabla hatujazungumza lolote, hiyo kadi iliyo kwenye droo usiirudishe kwenye kamera. Kadi ikifutwa, mara nyingi picha zenyewe bado zimo. Kilichofutwa ni ile orodha inayoonyesha picha ipi imelala wapi, na kadi sasa inahesabu nafasi yote kuwa wazi. Picha inapotea kweli pale nyingine inapoandikwa juu yake. Wewe ulinunua kadi mpya siku ileile, kwa hiyo yawezekana kabisa picha zote thelathini zimelala humo zikikungoja. Pakua programu iitwayo PhotoRec, ni ya bure, chomeka kadi kwenye laptopu, na kila itakachokipata kihifadhi kwenye laptopu au diski nyingine, usikirudishe kwenye kadi ileile. Mafaili yatakuja na majina ya namba tupu, yamechanganyika na picha za miezi ya nyuma. Kaa uyapekue moja moja. Muulize na dada kama ulimtumia picha kwa WhatsApp ili achague. Hata iliyopungua ubora ina baka la mtoto na chale za bibi, na hivyo ndivyo tunavyovitafuta.

Fanya hivyo kwanza, kisha urudi tuendelee.

Mimi nilianzia Lindi, katika chumba cha giza chenye taa nyekundu. Enzi zile tulirekebisha nyuso juu ya negativu, ile filamu iliyosafishwa, kwa penseli. Chunusi nyeusi kwenye uso ni kidoa cheupe kwenye negativu, kwa sababu negativu hugeuza mambo. Unachonga penseli mpaka iwe kama sindano, unawasha taa chini ya kioo, unakijaza kile kidoa taratibu mpaka kilingane na ngozi ya pembeni yake. Uso mmoja ungeweza kukula asubuhi nzima. Siitamani kazi ile irudi, macho yangu yaliumia. Ila ilikuwa na jambo moja zuri: hukuweza kufuta kitu bila kukitazama. Kila doa ulilokutana nalo lilikuuliza, mimi ni chunusi au ni mwenye nyumba?

Kosa lako liko hapo. Ulifuta usichokitazama. Baka uliliona lakini hukuuliza, na chale hukuziona kabisa.

Nikueleze ile programu inafanya nini, maana wengi mnaibonyeza bila kujua. Inatafuta uso, halafu ndani ya uso inatafuta tofauti ndogondogo: vitundu vya ngozi, mikunjo, madoa, mistari myembamba. Hizo zote inazivuruga zichanganyike na jirani zake. Mipaka mikubwa, kama ya pua na midomo, inaiacha. Kwa macho ya programu, chale ya Kimakonde na kunyanzi la uzee ni kitu kimoja, mstari mwembamba mweusi kwenye ngozi. Haijui kwamba ule mstari ulichanjwa kwa kisu msichana akiwa mdogo, ukasuguliwa unga wa mkaa, na kwamba alivumilia maumivu mpaka kikapona kidonda. Mabinti wa leo hawachanjwi. Wanawake wenye nyuso hizo ni wazee, na kila anayeondoka anaondoka na zake. Wewe ulikuwa naye mbele ya kamera, amekaa, ametulia, amempakata kitukuu. Mwanangu, picha kama hiyo kuna watu wangetoka mbali kuja kuipiga. Ndiyo maana nina uchungu nayo kuliko nilivyo na uchungu na ile fremu ya shilingi 35,000.

Sasa mpaka uliouuliza. Ninaoutumia ni huu: kinachopita unaweza kukifuta, kinachokaa unakiacha, na usichokijua unakiuliza.

Mtoto mchanga ana vingi vinavyopita. Vile vipunje vyeupe juu ya pua na mashavuni, vidogo kama mchanga, huondoka vyenyewe ndani ya wiki chache. Ngozi kubambuka kwenye vifundo, mikwaruzo ya kucha zake mwenyewe, vipele vya joto shingoni (na kwa joto la Mtwara mwezi wa kumi na moja, hivyo hamvikosi), ukoko wa utosini, cheuo kilichokaukia mdomoni. Futa bila wasiwasi. Mwezi ujao mama mwenyewe hatavikumbuka, na picha itakuwa haijamdanganya mtu.

Baka la kuzaliwa linakaa. Kadhalika kinyama cha sikioni, kishimo cha shavu, kovu. Usiguse mpaka uambiwe. Kidole cha sita usikitolee uamuzi hata kidogo, kuna nyumba wanakificha na kuna nyumba wanakionea fahari. Halafu kuna vya katikati. Baka la kibuluu-kijivu chini ya mgongo ni la kawaida mno kwa watoto wetu na kwa kawaida hufifia miaka inavyokwenda. Liache, ni sehemu ya uchanga wake. Uvimbe mwekundu kama tunda la forosadi, ule unaokua miezi ya mwanzo kisha unapungua pole pole kwa miaka, muulize mama. Wengine wanataka picha mbili, yenye nao na isiyo nao, na hilo ni ombi la haki.

Wanja, kitone cheusi cha kwenye paji, uzi mweusi wa mkononi, hirizi ya shingoni: hivyo si uchafu wa picha. Kuna aliyeviweka, na aliviweka kwa hofu ya jicho la watu. Nimewahi kuona kijana amefuta hirizi kwa sababu "inaharibu mandhari", na nyanya wa mtoto akamaliza wiki mbili anahesabu kila kikohozi cha mjukuu. Uliza.

Na moja la kushika sana. Ukikuta weupe wa macho ya mtoto una umanjano, usikimbilie kuusafisha. Angalia kwanza kama ni rangi ya taa au pazia. Kama vitu vyeupe vingine kwenye picha ni vyeupe na macho peke yake ni manjano, mwambie mama ampeleke mtoto kituo cha afya leo hii. Kwenye ngozi nyeusi manjano ya watoto hayaonekani kirahisi, hutazamwa machoni, kwenye fizi, viganjani na kwenye nyayo. Wewe unayekuza jicho la mtoto mpaka linajaza kioo cha laptopu unaweza kuliona kabla ya nesi.

Tuje kwenye weupe, maana huko ndiko kwenye mzigo wako mkubwa.

Yule dada aliposema mtoto katoka mweusi sana, mimi naamini alikuwa anasema kweli. Nimeona picha za studio zetu nyingi. Unamlaza mtoto mweusi juu ya taulo jeupe, nyuma shuka jeupe, unaachia kamera ijipimie mwanga. Kamera inataka kila kitu kiwe na mwanga wa wastani. Inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Taulo linatoka zuri na uso wa mtoto unazama, huoni shavu linaanzia wapi na kope ziko wapi. Mama anaona hilo. Hana neno la kulitaja, anakwambia mtoe mweupe. Anachodai ni mwanga, na wewe ukampa rangi ya mtoto mwingine.

Lawama hii si yenu vijana peke yenu. Filamu za rangi zenyewe hazikupangwa kwa ngozi yetu. Kodak walikuwa wakizipelekea maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe, mafundi wakaziita kadi za Shirley. Akitoka vizuri yeye, mashine imekaa sawa. Watu weusi tulitoka meno na macho. Na inasimuliwa kwamba miaka ya 1970 Kodak walianza kushughulikia rangi za kahawia baada ya watengenezaji chokoleti na wenye viwanda vya samani kulalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vyema kwenye matangazo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Kwa hiyo mama anayelalamika mbele yako, mama yake alilalamika mbele yangu, na alikuwa na haki.

Dawa yake iko kwenye kamera kabla ya kompyuta. Pima mwanga usoni kwa mtoto, au ongeza hatua moja juu ya ile kamera inayokupendekezea, halafu utazame kioo cha nyuma: unaona shavu la upande wa kivulini? Mlaze karibu na mlango au dirisha, jua lisimpige moja kwa moja, mwanga uingie kwa ubavu. Mama aliyejifunga kanga nyekundu akiinama juu ya mtoto, wekundu wote unamrukia mtoto shavuni, kisha wewe usiku unahangaika kuuondoa. Weka pembeni khanga nyeupe au kitambaa cheupe umpe mama ajitande. Poda ya shingoni na usoni ifutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo, maana kwenye picha inatoa kijivu kama majivu, na hakuna programu inayoirudisha vizuri. Mafuta kidogo tu yanarudisha uhai wa ngozi. Piga kwa faili ghafi (RAW) kama kamera yako inaweza, ili usiku ukitaka kupandisha kivuli kiwe na kitu ndani yake.

Kwenye Photoshop, faili la asili usiliguse kamwe. Nakili tabaka (layer), fungua tabaka jingine tupu juu yake, na marekebisho yote yafanye kwenye hilo tupu. Ile brashi ya kuponya ngozi, iliyokuja na toleo la 7 mwaka 2002, inachota umbile la ngozi ya jirani na kulilinganisha na mwanga wa pale unapoliweka, ndiyo maana haiachi kiraka. Chota karibu, kwa brashi ndogo, doa moja moja. Kisha punguza nguvu ya tabaka lote kidogo, ngozi ipumue. Ukikosa Photoshop, GIMP ni ya bure na ina brashi ya namna hiyo. Kwa mwanga tumia mkunjo wa toni (Curves), pandisha vya katikati peke yake, na ufunike usoni na mikononi tu. Kuza picha mpaka asilimia mia utazame: vinyweleo vya paji la mtoto vipo? Kama havipo umepitiliza, rudi nyuma. Ile mbinu ya kutenganisha umbile na rangi mnayojifunza kwenye video, kwa mtoto wa siku arobaini haina kazi. Hiyo ngozi ndiyo wanayoitafuta wenye matangazo ya sabuni.

Hifadhi lililohaririwa kwa jina jingine. Mafaili ya asili yakae sehemu mbili, laptopu na diski ya nje, na kadi usiifute mpaka mteja ameshachukua picha na kuridhika.

Sasa mama akisimama mezani anasema mtoe mweupe, usimhubirie. Mwambie, "Nitampa mwanga, mama, ukiona hujaridhika nitarudia bure." Mrekebishie mbele yake, dakika tatu, pandisha mwanga wa uso mpaka kope zionekane. Wengi watasimama hapo. Atakayesema bado, mwoneshe masikio ya mtoto. Wazee wetu wakitaka kujua mtoto atakuwa wa rangi gani hutazama masikio na mizizi ya kucha, kwa sababu mtoto huzaliwa na rangi ya kupita na huendelea kukolea wiki kwa wiki. Mwambie, mama, ukimtoa mweupe leo, mwakani wageni watauliza huyu wa ukutani ni nani.

Wapo watakaovuka barabara. Waache wavuke. Creamu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini kwetu na bado mkorogo unapenya. Mimi sitakusaidia kuupaka mkorogo wa kompyuta kwenye uso wa mtoto ambaye hajajifunza hata kugeuka. Nakuahidi hutalala njaa. Mama aliyeona kope za mwanawe kwa mara ya kwanza kwenye karatasi anawaleta na mashoga zake.

Kwa kuwa umesema unajifunza kwa video, kuna jambo ni lazima nilitie hapa ingawa hukuliuliza. Ile picha ya kichanga ameegemeza kidevu juu ya mikono yake, viwiko chini, kama chura aliyekaa: haipigwi vile inavyoonekana. Ni picha mbili zilizounganishwa. Katika ya kwanza mtu anashika kichwa cha mtoto, katika ya pili anashika mikono, kisha mikono ya mtu inafutwa kwenye kompyuta. Shingo ya mtoto wa umri huo haiwezi kubeba kichwa chake. Asije mtu akajaribu kumsimamisha hivyo kweli studioni kwako.

Bango la mlangoni lishushe leo, na mitandaoni ifute. Hata kama picha ingekuwa safi, hukuomba ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, na inataka ridhaa ya maandishi. Andaa karatasi moja fupi, mzazi akubali au akatae, aweke saini. Akikataa, bei na heshima vibaki vilevile.

Na familia. Fedha ya fremu rudisha yote, usisubiri kuombwa mara ya pili. Ukizipata picha za asili kwenye kadi, tengeneza ile waliyoichagua upya: mwanga tu, baka lake lipo, chale zake zote zipo. Usiipeleke kwa mkono wa kondakta. Panda basi mwenyewe, pita Nanyamba, pita Tandahimba, mpaka Newala kwa bibi, na kamera yako begani. Usiende mikono mitupu, sukari kilo mbili na majani ya chai si gharama. Dada atangulie kukuombea nafasi. Ukifika piga hodi, mwamkie, kaa chini, mwambie bibi nimekosea, nimefuta nisichokijua. Usimweleze habari za programu.

Akikupokea, mwombe akusimulie baka la mzee lilikuwaje, lilikaa wapi hasa, alilipata wapi. Msikilize mpaka amalize. Halafu ndipo umuulize kama ataridhia upige nyingine, yeye na kitukuu, hapo hapo barazani, jua likiwa limeshuka. Mtoto sasa amekua, ataanza kumshika bibi mashavuni, na ukiwa na subira utaupata mkono wake juu ya chale. Bibi akikataa kupigwa, usimbembeleze. Kunywa chai yake, mwachie picha ya mtoto na nakala zake zote, uage, uwahi basi la mchana.